Jina la Tatu

Katika kisiwa chetu cha Takawiri mwanamke hupewa majina matatu maishani mwake. Jina la kwanza hupewa na wazazi wake alipozaliwa. Jina la pili hulipata anapoolewa: akitoka Gwassi huitwa Nyar Gwassi, yaani binti wa Gwassi, ili watu wakumbuke alikotoka. Jina la tatu hulipata anapojifungua mtoto wa kwanza. Tangu siku hiyo huitwa Min fulani, yaani mama wa fulani, na jina hilo humfuata sokoni, kanisani na hata kaburini. Hapana sheria iliyoandikwa juu ya majina haya, lakini hapana mtu asiyeyajua. Mwanamke asiyepata jina la tatu hana haja ya kuambiwa kwamba amepungukiwa na kitu. Huambiwa kila anapoitwa.

Mke wangu alikaa na jina la pili kwa muda wa miaka saba, kuanzia mwaka 2015 tulipooana. Nataka kueleza habari za miaka hiyo, si kwa kuwa uchungu wetu ulizidi wa watu wengine, bali kwa kuwa ndani yake niligundua ujinga mahali nisipoutazamia. Nilidhani ujinga ulikaa kwa wanawake wa ufuoni, ambao wengi wao hawakupata bahati ya kusoma sana. Kumbe ulikuwa umeketi juu ya kiti changu mwenyewe, umeshika chaki.

Takawiri ni kisiwa kidogo katika Ziwa Viktoria, kati ya Rusinga na Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay. Mtu hukifikia kwa mashua ya injini kutoka Mbita. Wageni hukisifu kwa mchanga wake mweupe, lakini sisi wenyeji hukijua kwa omena. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa juu ya maji ili kuwavuta samaki hao wadogo, na mtu aliye nchi kavu huona ziwa limekuwa kama mji. Alfajiri mashua zinaporudi, kazi ya wanaume huisha na ya wanawake huanza. Hununua omena kwa beseni, huwamwaga juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, huwageuza jua linapopanda, huwaanua mvua inapotisha, kisha huwauza kwa gorogoro. Kazi hiyo huwakusanya pamoja saa nyingi, na habari zote za kisiwa huanikwa hapo pamoja na samaki.

Mimi nilizaliwa hapo. Nilipomaliza shule nilikwenda chuo cha ualimu, nikahitimu, nikapangiwa shule ya msingi ng'ambo ya maji. Likizo zote tulirudi kisiwani kwa mama yangu. Kwa hiyo wakati wa masomo mke wangu aliishi na hesabu ya siku, na wakati wa likizo aliishi na macho ya watu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa watu hutania. Mwaka wa pili huuliza. Mwaka wa tatu hunong'ona. Mwaka wa nne hushauri, na ushauri ndio mzito kuliko yote, kwa sababu hauwezi kurudishwa kama mzaha. Mama yangu, mwanamke mwema ambaye hakupata kumtakia mtu mabaya, alichemsha mizizi katika chungu cheusi, akampa mke wangu kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mzee mmoja wa ukoo alisema kuna chira, yaani balaa la kuvunja mwiko, na kwamba lazima manyasi yatafutwe, dawa ya kuondoa balaa hilo. Wanawake wa kanisa walimfariji kwa habari za Hana, aliyelia huko Shilo mpaka kuhani Eli akamdhani amelewa. Wengine walinivuta kando wakanishauri nitafute mke wa pili. Shauri hilo sikulifuata. Lakini lazima nikiri kwamba sikulikataa kwa nguvu iliyostahili.

Katika ushauri wote huo, ulionijia kwa lugha ya upole na ulionijia kwa lugha ya ukali, kila kidole kilielekea upande mmoja. Dawa ilikuwa ya mwanamke, chira lilikuwa la mwanamke, maombi yalikuwa ya mwanamke. Mimi nilikuwa kama mtu aliyesimama kando ya mgonjwa akimhurumia.

Mwaka 2019 mke wangu alikwenda peke yake kwa daktari. Daktari alimsikiliza, akampima kiasi alichoweza, akamwandikia karatasi fupi: arudi pamoja na mume wake, kwa kuwa wote wawili walipaswa kupimwa. Alinipa karatasi hiyo jioni, nilipokuwa nikiandika maandalio ya masomo. Niliisoma, nikasema mitihani imekaribia, nikaiweka ndani ya kitabu cha maandalio. Ikawa alama yangu ya ukurasa kwa muda wa miaka mitatu.

Jambo la kuchekesha, kama lachekesha, ni kwamba katika miaka hiyo hiyo nilifundisha sayansi. Nilichora ubaoni yai na mbegu ya kiume. Niliwaambia wanafunzi kwamba mtoto hupata nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba, na aliyeandika hivyo katika mtihani nilimpa alama zote. Nalijua jambo hilo kama mtu ajuavyo jina la mto asiopata kuuvuka.

Yafaa tusimame kidogo tulitazame jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani hulitaja kuwa tatizo la uzazi pale ambapo mume na mke wamekaa pamoja kwa muda wa miezi 12 au zaidi, bila kuzuia mimba, na mimba isipatikane. Katika taarifa yake ya mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Basi si balaa la nyumba moja iliyolaaniwa. Ni jambo lililoenea duniani kote, katika nchi tajiri na katika nchi maskini.

Sababu zake ni nyingi. Kwa mwanamke, huenda mayai hayapevuki kwa wakati wake, au mirija inayopitisha yai imeziba, au kuna uvimbe katika mfuko wa uzazi. Mirija huzibwa mara nyingi na maradhi yasiyotibiwa mapema, kama kisonono na klamidia, au na uchafu ulioingia wakati wa kuzaa au mimba ilipoharibika. Ndiyo sababu katika Afrika wako wanawake wengi waliozaa mtoto mmoja kisha wasipate wa pili. Kwa mwanamume, huenda mbegu ni chache, au ni dhaifu, au njia yake imeziba. Madaktari huona kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mume anahusika, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Tena nguvu za mwanamume za kukaa na mkewe si ushahidi wa mbegu zake. Mtu aweza kuwa na afya kama simba na mbegu zake zikawa chache. Lakini lugha zetu zimeipendelea nusu moja. Kijaluo kina neno lur kwa mwanamke asiyezaa, na Kiswahili kina tasa. Yote mawili hutoka upesi kinywani anapotajwa mwanamke, na husitasita anapotajwa mwanamume.

Sasa narudi ufuoni. Likizo ya Agosti mwaka 2022 nilikuwa nimeketi juu ya mashua iliyopinduliwa, na wanawake wapatao wanane walikuwa wakigeuza omena. Redio ndogo iliyotundikwa mtini ilikuwa na mazungumzo juu ya watoto wa chupa, yaani watoto ambao mimba zao hutungwa nje ya mwili kwa msaada wa madaktari. Mke wangu alikuwa miongoni mwa wale wanawake. Mazungumzo ya redio yalipokwisha, ya ufuoni yakaanza.

"Mtoto aliyelelewa chupani," alisema mama mmoja mwenye watoto sita, "atakuwa na damu ya nani? Chupa haina ukoo."

"Mungu ndiye mwenye ufunguo wa tumbo," alisema mwingine, kiongozi wa akina mama kanisani. "Daktari aliupata wapi?"

Msichana mmoja mfanyabiashara, aliyezoea kupeleka omena Kisumu, aliuliza, "Mimi nataka kujua bei. Ni gorogoro ngapi?" Wote wakacheka.

Lakini mwanamke mmoja hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mimi ningefanya hata kesho. Ila nisingemwambia mtu. Watu wakijua, mtoto ataitwa wa chupa mpaka aote mvi."

Nilitabasamu, kama mwalimu atabasamuvyo anapoona nafasi ya kufundisha. Niliomba ruhusa niwaeleze, nao wakanipa, maana mwalimu huheshimiwa kwetu. Niliwaambia kwamba mtoto halelewi chupani hata kidogo. Mwanamke hupewa dawa ili mayai yake yapevuke, daktari huyatoa kwa sindano, kisha huyakutanisha na mbegu za mume ndani ya chombo kidogo katika maabara. Yai likishika mimba hutazamwa kwa siku chache, mbili au tatu au tano, likigawanyika na kuwa kiinitete. Hapo hurudishwa katika mfuko wa uzazi wa mama, na kama likijishika, mimba huendelea miezi yake tisa kama mimba nyingine zote. Basi damu ni ya mama yule yule na ya baba yule yule, ila wenyewe wakiamua kutumia yai au mbegu ya mtu mwingine, nao hawawezi kutendewa hivyo pasipo ridhaa yao. Chupa ni mahali pa kukutania tu, kama vile gati la Mbita ni mahali pa kukutania. Hapana mtu aliyezaliwa na gati.

Niliwaeleza habari za Uingereza pia. Mwanamke aitwaye Lesley Brown alikuwa amekaa na mumewe miaka tisa bila mtoto, kwa kuwa mirija yake ilikuwa imeziba. Robert Edwards, mwanasayansi, Patrick Steptoe, daktari wa upasuaji, na Jean Purdy, muuguzi aliyejifunza kazi ya maabara, walimsaidia, na tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Louise Brown katika mji wa Oldham. Watu wengi wa huko nao waliogopa na kusema kama walivyosema wanawake wa Takawiri. Lakini Louise alikua, akaolewa, akazaa watoto wake mwenyewe pasipo msaada wa maabara. Tangu wakati huo watoto zaidi ya milioni 10 wamezaliwa kwa njia hiyo ulimwenguni. Mwaka 2010 Edwards alipewa Tuzo ya Nobel. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kufa. Hapa Kenya, watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Kuhusu bei, nilimwambia yule msichana kwamba ni laki kadhaa za shilingi kwa jaribio moja, na kwamba jaribio laweza kushindwa. Alipiga mluzi akarudi kwenye omena wake.

Nilidhani somo limekwisha. Nyanya mmoja, ambaye muda wote alikuwa akichambua omena waliovunjika bila kusema neno, aliinua uso wake akanitazama.

"Mjukuu wangu," alisema, "umefundisha vizuri. Umesema kuna yai la mke na mbegu ya mume. La mke limetafutwa miaka saba. Limetafutwa kwa mizizi, limetafutwa kwa maombi, limetafutwa kwa daktari. Ya mume imetafutwa na nani?"

Ufuo ulinyamaza. Mke wangu hakuinua kichwa, lakini mkono wake uliokuwa ukigeuza samaki ulisimama.

"Nyanya, mimi ni mzima," nilijibu.

"Mtumbwi nao huonekana mzima ukiwa mchangani," alisema yule nyanya, akaendelea na kazi yake.

Usiku ule sikupata usingizi. Yule nyanya hakusoma hata darasa moja, na hakujua jina la kitu chochote nilichochora ubaoni kwa miaka kumi. Lakini aliposikia mara moja tu kwamba mtoto ana nusu mbili, alifikia hitimisho ambalo mimi, mwenye cheti, nilikuwa nimelikimbia. Nilitambua kwamba ujuzi wa wanawake wale haukuwa mdogo kama nilivyodhani. Maswali yao yalikuwa maswali mema: mtoto ni wa nani, Mungu anasemaje, gharama yake ni nini, watu watasemaje. Kilichopungua ni mtu wa kuwajibu kwa kweli, na waume wa kutembea nao. Niliwasha taa nikafungua kitabu cha maandalio. Karatasi ya daktari ilikuwa bado mahali pake, imekunjika na kuwa ya manjano.

Juma lililofuata tulivuka maji pamoja. Kipimo cha mwanamume ni rahisi mno ukikilinganisha na vile alivyovumilia mke wangu. Hutakiwa kujizuia siku chache, hutoa mbegu katika kichupa safi, nazo hutazamwa kwa hadubini: zahesabiwa, zaangaliwa mwendo wake na umbo lake. Mbegu milioni 16 katika mililita moja hutajwa na Shirika la Afya Duniani kuwa kiwango cha chini katika wanaume waliopata watoto bila shida. Zangu hazikufikia hata robo ya hizo, na nyingi zilikuwa hazina mwendo. Kwa kuwa mbegu huchukua karibu siku 70 kutengenezwa, na homa au maradhi mengine yaweza kuzipunguza kwa muda, daktari aliniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Nilirudi. Jibu lilikuwa lile lile. Mke wangu alipimwa mirija na mayai yake. Hakuonekana na kasoro. Sababu ya udhaifu wangu haikupatikana, na daktari alinieleza kwamba mara nyingi huwa hivyo.

Tulirudi kwa mashua ya jioni. Nalitaka kuomba radhi, lakini radhi ya miaka saba hainenwi katikati ya abiria na magunia. Mke wangu ndiye aliyesema kwanza. "Sikuwa nikitafuta mkosaji," aliniambia. "Nilitaka kujua njia." Kisha, tulipokaribia kisiwa, akaongeza, "Lakini mizizi ya mama ilikuwa michungu." Akacheka kidogo, nami sikuweza kucheka.

Kazi iliyonishinda kuliko kipimo ilikuwa kumwambia mama yangu. Kwetu mwanamume halisemi jambo kama hilo, na mama halisikii. Nilimwambia jikoni, nikiwa nimesimama. Hakujibu neno. Aliinuka, akatwaa kile chungu cheusi, akaenda nacho ziwani, akakisugua kwa mchanga na majivu muda mrefu kuliko chungu kinavyohitaji. Kesho yake alikipika samaki, akampakulia mke wangu kwanza kabla ya watu wote. Nalijua kuwa hiyo ndiyo hotuba yake, na mke wangu alijua pia.

Katika kisiwa kidogo siri haina mahali pa kulala. Baada ya juma moja watu wote walijua. Wako vijana walionicheka, na mmoja alinitungia jina ambalo sitalitaja hapa. Lakini kabla ya likizo kwisha wanaume wawili walinijia usiku, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza kwa kunong'ona maabara ile iko wapi na huchukua pesa ngapi. Wote wawili walikuwa na wake walioitwa tasa.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili huishia katika kunong'ona na kucheka. Mwaka 2016 magazeti yalijaa habari za mwanamke mmoja wa Machakos aliyekatwa mikono kwa panga nyumbani kwake, na mumewe akashtakiwa. Habari zilisema ugomvi ulikuwa juu ya kukosa mtoto, na kwamba hospitali ilikuwa imekwisha kuona kuwa tatizo lilikuwa la mume. Hapo ndipo lawama iendapo inapoachwa ijiendee yenyewe. Huanza kwa jina, huendelea kwa kejeli, na huweza kufika kwenye damu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya, pamoja na huduma za afya ya uzazi. Lakini haki iliyoandikwa ni kama mashua iliyochorwa. Yataka mbao na misumari ili ivushe watu. Mbunge wetu, Bi Millie Odhiambo, aliyechaguliwa mwaka 2013 katika eneo la Mbita, ambalo baadaye liliitwa Suba Kaskazini, amezungumza hadharani kuhusu kutopata mtoto yeye mwenyewe. Mwaka 2014 alipeleka bungeni mswada wa kuweka kanuni za matibabu haya, na kuwalinda wazazi na watoto wanaozaliwa kwayo. Mswada huo ulirudi kwa jina jipya mwaka 2019, na tena mwaka 2022. Si jambo dogo kwamba shauri hili lilifikishwa bungeni na mwanamke wa upande wetu wa ziwa, ambaye angeweza kunyamaza kama wengine.

Wala sheria si kitu cha kupuuzwa. Yule kiongozi wa akina mama kanisani hajakubaliana nami mpaka leo, na ana haki yake. Siku moja aliniuliza, "Viinitete vikitengenezwa vitano na mama akarudishiwa kimoja, vile vinne ni nini, na huwekwa wapi?" Nilimjibu kwamba huweza kugandishwa na kuhifadhiwa kwa matumizi ya baadaye, lakini kwamba ni nini, na nani ana mamlaka juu yake baba na mama wakifa au wakiachana, ni swali ambalo wanasheria, madaktari na watu wa dini wamelijadili katika nchi nyingi. Mwanamke yule alilifikia peke yake, akiwa ameshika beseni la omena. Anayesema kwamba wanawake wa vijijini hawawezi kufikiri juu ya elimu mpya hajapata kuketi nao na kuwasikiliza.

Sisi tuko wapi sasa? Kwa watu wa namna yangu, wenye mbegu chache, iko njia iliyozaa matunda kwanza nchini Ubelgiji mwaka 1992: mbegu moja tu huchaguliwa na kudungwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno. Tunaweka akiba katika chama cha ushirika cha walimu. Mke wangu anauza omena wakati wa likizo, nami ninafundisha masomo ya ziada. Huenda tukafanikiwa, huenda tusifanikiwe. Hata katika hospitali nzuri majaribio yanayoshindwa ni mengi. Tena mayai ya mwanamke hupungua kwa umri, na baada ya miaka 35 hupungua kwa kasi zaidi. Mke wangu alikuwa na miaka 28 aliponiletea ile karatasi. Leo ana miaka 34. Fedha naweza kukopa na kulipa. Miaka mitatu niliyoifanya alama ya ukurasa siwezi kuilipa kwa mshahara wowote.

Kwa hiyo nawaambia ninyi vijana mnaosoma, wavulana na wasichana, maneno machache. Hivi karibuni mtakuwa na ndoa zenu, au mtakuwa ndugu na majirani wa watu wenye ndoa. Shida hii ikifika karibu nanyi, msianze kwa kuuliza nani. Anzeni kwa kuuliza nini. Neno nani hutafuta mtu wa kulaumiwa, na likimpata hutosheka. Neno nini hutafuta sababu, na sababu ikijulikana, njia huweza kuonekana. Tibuni maradhi mapema, wala msiyafiche kwa aibu. Mwanamume na aende kupimwa siku ile ile aendayo mkewe. Na mkisoma jambo darasani, jiulizeni kama mnalijua, au mnajua tu kuliandika katika mtihani.

Yule nyanya bado huchambua omena wake ufuoni. Siku hizi hamwiti mke wangu Nyar Gwassi kama wanavyomwita wengine. Humwita kwa jina lake la kwanza, lile alilopewa na wazazi wake. Nilipomwuliza sababu alisema kuwa jina hilo ni lake mwenyewe. Halikungoja mume wala mtoto. Jina la tatu likija tutalipokea kwa furaha na kumshukuru Mungu. Lisipokuja, jina la kwanza lipo, nalo ni jina kamili.